Walio Nyuma ya Ukuta

Itiryo, 19 Februari 2024

Mke wangu Kezia,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Mimi mzima, ila jiko linanishinda. Ugali wangu wa jana ungeweza kujengea nyumba. Nakuandikia barua kwa sababu simu hapa inashika kule juu karibu na shule tu, na kule kila unachosema kina wasikilizaji. Hii nampa dereva wa gari la abiria, ile Noah, aifikishe Mugumu.

Jana nimehubiri, mke wangu! Nimehubiri mpaka bati likatetemeka. Unakumbuka nilikueleza habari za wale wanaokaa nje ibada ikiendelea, nyuma ya kanisa, chini ya lile dirisha dogo? Vijana wa bodaboda wameegesha pikipiki, wanacheka, wanatafuna miwa. Baadhi ya waumini wamelalamika sana. Basi nikafungua pale Sulemani alipoiweka wakfu nyumba ya Mungu. Nikauliza, jina lake Mungu aliliweka wapi, ndani ya nyumba au nyuma ya nyumba? Nikasema anayesali nyuma ya ukuta anausalia ukuta. Nikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mtu aingie ndani au aende zake, na Meza ya Bwana haitatoka nje ya mlango ule kwa mtu yeyote. Wakati wa wimbo nikamtuma Mzee Ryoba na wenzake wakawaondoe. Alisitasita, mzee wa watu, anazungusha kofia mikononi kama ana neno. Nikamwambia, "Mzee, kazi ya Mungu haina kusitasita." Akaenda.

Nilipotoka mwishoni, kule nyuma palikuwa peupe. Nilifurahi, sikufichi.

Mama yako hajambo? Niko kijijini kwake, lakini habari zake siwezi kuziuliza ila kwako. Bado anasali kule ng'ambo ya mto? Namshukuru sana kwa hilo. Unajua nilivyotaka kukikataa kituo hiki kwa ajili yake. Mkurya na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawakai chini ya paa moja, sasa ningempaje mkate kwa mkono wangu? Wenzangu wa chuoni walikuwa wananicheka, maana wao wanakula sahani moja na wakwe zao. Acha wacheke. Yeye kuhamia kanisa la ng'ambo kwa hiari yake ndiko kulikonipa nafasi ya kufanya kazi. Mwambie namheshimu.

Mume wako,
Zablon


Itiryo, 11 Machi 2024

Mwanangu Kezia,

Hujambo? Wajukuu zangu hawajambo? Mimi niko vilevile na goti langu. Mwandiko usiucheke. Kisomo cha ngumbaru walitufundisha herufi kubwa, hizi ndogo nimejitafutia mwenyewe.

Nina neno la kukuuliza wewe mwalimu. Mtu akisali jikoni, Mungu anampokea? Jumapili niliimba peke yangu pale kwenye mafiga, nikafika mwisho wa sala, nikanyamaza nisikie wengine wakiitikia amina. Wapi! Kuku tu. Nililia, mwanangu, mtu mzima kama mimi.

Sasa nikwambie jambo, na uishie nalo wewe. Ng'ambo ya mto sijawahi kusali hata siku moja. Kwa goti hili? Nilikudanganya. Nilisema vile ili mumeo akubali kuja, maana nilijua atakataa kwa ajili yangu, na kanisa letu lilikaa muda mrefu bila mwinjilisti. Siku alipofika nilichukua kigoda changu nikakaa nje, nyuma, chini ya dirisha dogo. Pale namsikia yote, yeye hanioni na mimi simwoni. Heshima yake iko salama na yangu iko salama. Anahubiri vizuri mumeo, ila anapiga kelele mno. Krismasi Mzee Ryoba alinipitishia Meza ya Bwana dirishani, nikapokea, nikashukuru.

Kijiji kizima kinajua. Lakini nani angemwambia? Utaanzia wapi kumwambia mwanaume kwamba mama mkwe wake yuko hapo mgongoni kwake? Hilo ni tusi, hata kama ni kweli.

Basi siku ile akasema anayesali nyuma ya ukuta anausalia ukuta. Halafu wazee wakaja. Ryoba anatazama chini, ananiambia, "Mama, tuinuke." Nikainuka na kigoda changu, watu wanachungulia dirishani. Aibu niliyoipata, Kezia, siwezi kuiandika. Nimebatizwa pale, nimefungia ndoa pale, na nimefukuzwa pale kama mbuzi aliyeingia shamba la mtu.

Simlaumu. Yeye amesoma. Kama anasema Mungu yuko ndani, basi yuko ndani, na mimi ndani siwezi kuingia kwa sababu yeye yumo. Ila Pasaka inakuja, na Meza ya Pasaka sijawahi kuikosa tangu nibatizwe. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Usimwambie mumeo. Ukimwambia utamuua kwa aibu.

Mama yako,
Wegesa


Mugumu, 15 Machi 2024

Baba Machage,

Mama amenikataza nisikuambie. Nakuambia.

Ng'ambo ya mto hakuna mama yangu. Tangu ulipofika Itiryo amekuwa akisali nje, chini ya dirisha lile lile uliloniandikia kwa furaha, ili wewe usimwone na usione haya. Uliposema watolewe, alitolewa yeye. Mama yangu mzazi, na goti lake, mbele ya kanisa zima. Na Mzee Ryoba alipositasita ulimwambia nini? Isome barua yako mwenyewe, nimekurudishia.

Naandika kwa kalamu nyekundu kwa sababu ndiyo iliyokuwa mezani, nilikuwa nasahihisha madaftari ya watoto. Naona inafaa.

Usinijibu kwa Kigiriki chako cha chuoni. Nijibu kama mume. Kama Mungu yuko ndani tu, mama yangu umemtupa wapi? Kama yuko kila mahali, kwa nini ulisimama ukasema vile? Ulitaka wasikie sauti yako?

Na mimi nina aibu yangu. Lile goti nalijua. Nilipoambiwa anavuka mto kila Jumapili nilitakiwa nishtuke, lakini nilitaka upate kituo, nikaamini haraka haraka.

Sikiliza sasa. Mama akiikosa Meza ya Pasaka, mimi huko siji. Uhamisho wangu wa kuja kufundisha huko utoke usitoke, nitabaki hapa na watoto.

Kezia


Itiryo, 19 Machi 2024

Kwa Mama mkwe wangu mheshimiwa,

Shikamoo.

Tangu nimuoe binti yako sijawahi kukusemesha, na kwa mdomo nisingeweza. Hata sasa nimegeuza kiti nikaipa mgongo njia inayokuja kwako. Barua hii anakuletea Mzee Ryoba.

Mama, nimekosa. Kezia ameniandikia yote. Napita njiani watu wananisalimia, nami najua kila mmoja wao alikuwa anajua. Nimewauliza wazee kwa nini hawakuniambia, wakatazama chini wote. Nimetamani ardhi inimeze.

Tena nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloniumiza. Najua kwamba yule mwanamke Msamaria alimuuliza Bwana pale kisimani wasalie wapi, mlimani kwao au Yerusalemu, na Bwana akamwambia saa inakuja ambapo haitakuwa hapa wala pale, ila katika roho na kweli. Najua Paulo na Sila waliimba gerezani. Najua hata Sulemani mwenyewe, siku ile ile niliyoihubiri, alikiri kwamba mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba aliyoijenga. Nilisoma mstari wa juu na wa chini, huo wa katikati nikauruka kwa sababu ulikuwa unaniharibia hubiri.

Mungu hana mahali, Mama. Nisamehe. Sasa nakuomba, Pasaka uingie ndani. Mambo ya mila yamepita katika Kristo. Mimi nitatazama ukutani muda wote, na Meza atatoa mchungaji kutoka mjini, wala si mimi. Ingia tu ukae mahali pako pa zamani.

Mkwe wako mwenye aibu,
Zablon


Itiryo, 23 Machi 2024

Mkwe wangu, Baba Machage,

Marahaba. Barua imefika. Nimeisoma nimefunga mlango, na nimejifunika kanga kana kwamba umo ndani. Hivi ndivyo tulivyo, tufanyeje.

Nimekuelewa, lakini kuna mahali nimekwama, uniwie radhi. Mwezi uliopita uliniambia Mungu hayuko nje. Leo unaniambia hana mahali. Kama hana mahali, mbona unaniita ndani? Si ungeniacha pale pale nje na kigoda changu?

Halafu usiniambie mahali si kitu. Yule Naamani alipoponywa alipakia udongo wa Israeli juu ya nyumbu, aende nao kwao apate pa kuinamia. Nabii hakumcheka, alimwambia nenda kwa amani. Mimi matofali ya kanisa lile tuliyafyatua wenyewe, akina mama. Udongo ule nimeukanyaga kwa miguu hii nikiwa na mimba ya mke wako. Najua Mungu ananisikia jikoni, maana jikoni ndiko nilikomlilia mtoto wangu aliyekufa, akanisikia. Lakini jikoni hakuna wa kuniitikia amina. Mahali ni watu, mkwe wangu.

Na haya yangu usiniambie imepita. Haya hii ndiyo heshima yangu kwako. Nikiivua nitakuja kwako na nini?

Neno la mwisho, na hili ndilo linalonikera. Umeniandikia mimi vizuri, umelia, umeomba msamaha. Je, ningekuwa si mama mkwe wako? Ningekuwa mwanamke mwingine tu mwenye goti bovu? Yule Nyangwine wa bodaboda alikuwa ananipeleka kanisani kila Jumapili kwa pikipiki yake, halafu anakaa nje na mimi nisiwe peke yangu, ananitafutia namba za nyimbo. Kipaimara alipata kanisani mle. Miwa wanatafuna, ndiyo, na mimi walikuwa wananikatia kipande. Ulimfukuza na yeye siku ile ile. Yeye umemwandikia?

Mimi mkwe wako,
Wegesa


Itiryo, 27 Machi 2024

Mke wangu Kezia,

Mama amenijibu. Chuo kizima hakikunipiga swali kama alilonipiga yeye. Nimeisoma barua yake nikajiona mtoto mdogo.

Nimepata njia. Siku ya Pasaka mchungaji akishaanza, nitatoka kimya kimya kwa mlango mdogo wa nyuma, nikae mimi pale nje chini ya dirisha. Hapo ndani hapatakuwa na mkwe, na mama ataingia kwa heshima yake yote, akae na wenzake. Sitaki kumwandikia tena asije akaona namsukuma. Nimemwomba Mzee Ryoba apite kwake Ijumaa Kuu amweleze taratibu kwamba ndani patakuwa wazi. Amekubali. Alizungusha kofia, lakini alikubali.

Kuhusu Nyangwine, mama ana haki. Nitamtafuta baada ya sikukuu. Sasa hivi nina kwaya, nina maua, nina mgeni wa kumpikia na unajua upishi wangu. Lile tangazo langu nalo nitalifuta siku nyingine nikiwa nimetulia. Kulifuta mbele ya mchungaji wangu naona vigumu kidogo.

Niombee.

Zablon


Itiryo, 2 Aprili 2024

Mkwe wangu,

Bwana amefufuka! Nacheka peke yangu hapa nikiandika, na nikiacha kucheka naona haya, halafu nacheka tena.

Kwanza, Mzee Ryoba hakuniambia kitu. Ijumaa alikuja, kweli. Akala ugali na mtindi, tukaongea habari za ndama wake anayeharisha, akaaga. Naona neno lilimkwama. Leo nimemuuliza, anasema, "Mama, ningeanzaje kumtaja mkweo kwako?" Mzee yule!

Kwa hiyo mimi nilijipangia langu. Nilisema, mwinjilisti ameandika kwamba Mungu hana mahali, basi narudi nje mahali pangu, atakayenifukuza anifukuze na barua yake ninayo. Nilichelewa makusudi watu wote waingie. Nyangwine akanileta, akanishusha. Nazunguka kona na kigoda changu mkononi, nakuta mtu amekaa pale pale pangu. Nikawaza, huyu nani tena? Akageuka. Yesu wangu! Ni wewe!

Uliinua Biblia ukaziba uso. Mimi nilivuta kanga mpaka kidevuni, sikuona hata mbele. Kushoto kuna uzio wa miiba, nyuma Nyangwine amesimamisha pikipiki, mbele upo wewe, na goti haliwezi kukimbia. Mlango mdogo wa nyuma ulikuwa wazi. Sikuwa na pa kukimbilia ila ndani, nikaingia kama mtu aliyekimbizwa na mvua. Akina mama wakasogea, nikajikuta nimekaa katikati yao.

Baba Machage, nilipokea Meza ya Bwana. Tulipoitikia amina ilitoka kushoto na kulia kwangu na nyuma yangu, mpaka nikaisikia kifuani. Ndipo nikaelewa kwamba ulikuwa umekaa juani ili mimi nipate kivuli. Mwanaume msomi, mwinjilisti, akae nje kwa ajili ya mwanamke mzee! Nimewaambia wenzangu wote, na wote wanakusifu.

Nimekusamehe, tena nimesahau. Leo nampandia Kezia kule juu penye simu, nimwambie afunge mizigo yake aje na wajukuu zangu. Una mume, nitamwambia.

Mkwe wako mwenye furaha,
Wegesa


Itiryo, 4 Aprili 2024

Kwa Mama mkwe wangu mheshimiwa,

Shikamoo.

Furaha yako nimeisoma na nimemshukuru Mungu kwa ajili yako. Lakini sifa hizo usinipe, na nakuomba wenzako uwaambie waache. Kezia naye usimwambie aje bado. Kuna jambo lilitokea nje ulipokwisha ingia. Wewe hukuliona, na najua Nyangwine aliyekurudisha nyumbani hakukuambia.

Alikuja akakaa karibu yangu. Nilikuwa sijamtafuta kama ulivyoniambia, nilisema baada ya sikukuu. Hakuninunia. Alinisalimia, akaniuliza, "Mwinjilisti, na wewe wamekufukuza?" Nikacheka kidogo. Tuliimba pamoja, ana sauti nzuri, na kila wimbo anajua namba yake.

Ilipofika Meza, Mzee Ryoba alitoka kwa mlango mdogo na sahani. Alikuwa ameniletea mimi. Nyangwine alikuwa amekwisha vua kofia, amepiga magoti, mikono ameifungua. Ryoba akanipa mkate, akasimama. Akamtazama kijana, akanitazama mimi. Akaniuliza taratibu, "Na huyu, Mwinjilisti? Uliagiza isitoke nje kwa mtu yeyote."

Neno langu ndilo lililokuwa linamzuia mzee wa watu. Nilitakiwa kusema "mpe", basi. Neno moja, Mama. Lakini dirishani walikuwa wanatazama wazee wengine, na mchungaji alikuwa amegeuka kuona kinachotuchelewesha. Nikaona haya kulivunja agizo langu mbele yao. Nikanyamaza. Ryoba akangoja, halafu akainamisha kichwa akarudi ndani na sahani yake. Nami nikala.

Tangu mwanzo mimi nilidhani haya yangu ni kwa ajili yako, kwa sababu ni mila na ni heshima. Sasa naona haya nyingine ninayo, nayo si heshima ya mtu yeyote. Inanitunza mimi tu. Uliniuliza kama ningemwandikia mwanamke ambaye si mkwe wangu. Jibu ndilo hilo, umeliona.

Jumapili nitalifuta lile tangazo madhabahuni, nikimtaja Nyangwine kwa jina akikubali kutajwa. Leo jioni nakwenda kijiweni kwao, na sijui nitaanzaje.

Maana hakuondoka kwa hasira. Alikunja mikono yake, akavaa kofia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo huku nje, Mwinjilisti, Mungu amekuja kwako tu?" Mkate ulikuwa bado mdomoni.

Mkwe wako,
Zablon